Namna ya kujifunza neno moja gumu la Kiingereza hadi ulimiliki: mfano wa “mitigate”

Hapa Uganda Kiingereza kimekuwa lugha rasmi tangu uhuru wa mwaka 1962, ilhali Kiswahili kilipewa nafasi ya lugha rasmi ya pili katika katiba mwaka 2005. Kwa sababu hiyo, sisi tuliokulia Arua, Kasese, Busia au Bombo tukizungumza Kiswahili sokoni na barazani, hulazimika kuingia mahakamani, benki na katika usaili wa kazi tukiwa na Kiingereza cha vitabuni. Wengi tumefundishwa kukabiliana na maneno magumu kwa njia moja tu, yaani kuchora mstari katikati ya ukurasa, kuandika neno upande wa kushoto na maana yake upande wa kulia, kisha kukariri maneno thelathini kwa usiku mmoja. Baada ya muhula mmoja, mwanafunzi huweza kuyatambua maneno hayo akiyaona, lakini akiulizwa ayatumie husita, na akiyatumia hukosea.

Mwongozo huu unafuata njia tofauti. Tutachukua neno moja, “mitigate”, na kulifuatilia mpaka tujue linaandamana na maneno gani na linayakataa yapi, kwa maana huko ndiko maana yake ilikojificha. Nimelichagua kwa sababu hapa kwetu linatumika kila siku katika hukumu, katika taarifa za mazingira na katika maombi ya fedha za miradi, na pia kwa sababu limewahi kuniaibisha. Niliwahi kuandika katika barua ya kuomba kazi kwamba nilikuwa na ujuzi wa “mitigating against food shortages”. Aliyenisaili aliyazungushia maneno hayo duara kwa kalamu nyekundu, akanirudishia karatasi bila kusema lolote, nami nikakaa karibu miaka miwili kabla ya kutambua kosa lilikuwa wapi.

Hatua ya kwanza: kusanya sentensi kabla ya kufungua kamusi

Unapokutana na neno usilolijua gazetini au katika barua ya ofisi, nakili sentensi nzima daftarini, wala usinakili neno peke yake. Subiri mpaka upate sentensi tatu kutoka mahali patatu tofauti. Tuseme umepata hizi: “The judge treated his age as a mitigating factor.” “Trees planted on the slope will mitigate the effects of heavy rain.” “The bank asked us how we would mitigate the risk.”

Sasa ziulize sentensi hizo swali moja: ni kitu gani kimebadilika, na ni kipi hakikubadilika? Katika ya kwanza, mshtakiwa hakusamehewa. Umri wake umefanya adhabu iwe nyepesi kuliko ambavyo ingekuwa. Katika ya pili, mvua itanyesha vilevile, ila haitaharibu kwa kiasi kilekile. Katika ya tatu, hatari ya mkopo kutolipwa ipo, na benki inataka kujua itapunguzwaje. Kwa hiyo jambo baya linabaki, lakini uzito wake unashuka. Umepata nusu ya maana bila kufungua kamusi, na maana uliyoitafuta mwenyewe haisahauliki upesi kama ile uliyopewa.

Hatua ya pili: isome kamusi mpaka mwisho wa maelezo

Kamusi nyingi za bure kwenye simu huonesha fasili fupi juu kabisa, na msomaji huifunga hapohapo. Teremsha ukurasa. Unachotafuta kwa kitenzi ni alama inayoonesha kama ni kitenzi elekezi au si elekezi, kwa maneno mengine kama kinachukua yambwa moja kwa moja au la. “Mitigate” ni kitenzi elekezi. Hakihitaji kihusishi chochote kati yake na kile kinachopunguzwa, kwa hiyo tunasema “mitigate the damage”, na inatosha. Kama ningalijua hilo peke yake, barua yangu ingalisalimika.

Hatua ya tatu: litafutie makao katika Kiswahili

Hatua hii inastahili muda mrefu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kuwa walimu wengi waliotufundisha waliamini kwamba lugha ya nyumbani humvuruga mwanafunzi. Mimi naona kwamba kinachomvuruga ni tafsiri ya haraka. Tafsiri iliyopimwa vizuri humwongoza.

Kamusi itakupa “punguza”. Si kosa, lakini neno hilo ni pana mno. Tunapunguza bei ya matoke, tunapunguza chumvi, tunapunguza mwendo na uzito wa mwili, na katika mambo hayo yote Kiingereza hakitumii “mitigate”, bali hutumia “reduce” au maneno mengine mepesi. Anayezungumza Luganda atakumbana na upana huohuo katika “okukendeeza”.

Hata hivyo Kiswahili kina usemi ulio karibu zaidi, nao ni kupunguza makali. Tunazungumza juu ya makali ya njaa, makali ya jua, makali ya maisha na makali ya adhabu. Usemi huu umetoka kwenye panga na kisu, na picha yake inaeleza “mitigate” vizuri kuliko fasili nyingi nilizozisoma: panga lililopunguzwa makali bado ni panga, bado lipo mkononi, ila halikati kama lilivyokuwa likikata. Basi tumia kipimo hiki. Ukiweza kusema “punguza makali ya” na sentensi ikasimama, huenda “mitigate” litafaa. Ikiwa inakubali “punguza” peke yake, andika “reduce”.

Zingatia tofauti ndogo inayojitokeza hapo. Bei ya mafuta ikipanda, serikali inaweza kuipunguza bei yenyewe, na hiyo ni “reduce the price”. Inaweza pia kuiacha bei ilivyo na kutafuta njia ya kupunguza makali yake kwa wananchi, na hapo ndipo tunaposema “mitigate the effects of high prices”. Kinachopunguzwa makali mara nyingi ni athari ya jambo, na ndiyo sababu neno “effects” au “impact” huandamana na kitenzi hiki.

Pima vilevile majirani zake kwa kiwango cha nguvu. “Prevent” ni kuzuia jambo lisitokee kabisa. “Eliminate” ni kuliondoa lote. “Eradicate” ni kulitokomeza, na asili yake ya Kilatini ni kung’oa pamoja na mizizi. Mpango wa serikali ya Uganda wa mwaka 1997 dhidi ya umaskini ulipewa jina lenye “eradication”, kwa hiyo aliyeutaja kana kwamba ulikusudia “mitigation” alikuwa ameushusha kutoka kutokomeza hadi kupunguza makali. “Alleviate” ndilo lililo karibu zaidi na neno letu, lakini lenyewe hupenda maumivu, mateso na dhiki inayohisiwa na mtu sasa hivi, mfano wa dawa inayotuliza jino, wakati “mitigate” hupatana zaidi na hasara, hatari na madhara ambayo pengine hayajafika.

Hatua ya nne: itazame asili yake, lakini usikawie

“Mitigate” limetokana na kitenzi cha Kilatini “mitigare”, ambacho ndani yake mna “mitis”, yaani laini, pole au tulivu. Warumi walilitumia “mitis” hata kwa tunda lililoiva likalainika. Ukifikiria embe gumu na chachu linalolainika polepole, utakumbuka kwamba neno hili lina ulaini ndani yake. Asili husaidia kumbukumbu tu. Matumizi ya leo huamuliwa na wasemaji wa leo.

Hatua ya tano: litamke kwa mkazo wake

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tabia hiyo tunaihamishia kwenye Kiingereza bila kujua. Matokeo yake husikika kama “mitiGEti”. Mkazo wa kweli uko mwanzoni, kwenye “MI”, na silabi ya mwisho hutamkwa kama neno la Kiingereza la lango, bila irabu ya ziada nyuma yake. Nomino yake, “mitigation”, huhamisha mkazo hadi kwenye silabi ya tatu, kwa hiyo hapo masikio yetu ya Kiswahili hutusaidia. Gonga meza kwa kidole kwenye silabi yenye mkazo huku ukitamka kitenzi na nomino kwa kupokezana, mara kumi, mpaka kidole kizoee kubadili mahali.

Hatua ya sita: jua linaandamana na nani

Rudi kwenye daftari lako na uchukue nomino zilizofuata kitenzi hiki. Baada ya majuma machache utaona zilezile zikijirudia: “risk”, “effects”, “impact”, “damage”, “loss”, “harm”, “hardship”, “severity”. Zote ni mambo yasiyopendeza. Neno hili halikubali jambo jema, kwa hiyo hakuna anayesema “mitigate our profits” isipokuwa mtani. Halimkubali mtu pia. Huwezi “mitigate the farmers”. Unapunguza hasara iliyowapata wakulima, na hasara hiyo lazima itajwe.

Liangalie vizuri neno “completely” linapokaa kando yake. Kitu kilichoondolewa chote hakikupunguzwa makali, kimeondolewa, na “eliminate” lingefaa zaidi, ijapokuwa katika ripoti za benki utakuta hatari iliyoandikwa kuwa “fully mitigated” bila mtu yeyote kushtuka. Lugha ya ripoti ina uhuru wake.

Jambo jingine linalowapotosha wasomaji ni “unmitigated”. Mtu hudhani “an unmitigated disaster” ni janga ambalo hakuna aliyelishughulikia. Sivyo. Maana yake ni janga lisilo na chembe ya nafuu ndani yake, na Kiswahili hulieleza kwa neno moja fupi: balaa tupu, hasara tupu.

Hatua ya saba: mtenge na pacha wake wa uongo

Hapa ndipo lilipokuwa kosa langu. Kiingereza kina kitenzi kingine, “militate”, kinachofanana na chetu kwa herufi lakini kina ukoo tofauti kabisa. Chenyewe kimetoka kwenye “miles”, neno la Kilatini la askari, ukoo mmoja na “military”, na maana yake ya leo ni kupigana kinyume na jambo au kulikwamisha. Karibu kila mara huandamana na “against”: “Poor roads militate against rural trade”, yaani barabara mbovu zinakwamisha biashara ya vijijini. Kumbuka kwamba kinachokwamisha huko si mtu bali ni hali au jambo fulani.

Watu wengi, wakiwemo Waingereza wenyewe, huchanganya vitenzi hivi na kuandika “mitigate against”. Sisi tuna sababu ya ziada ya kuanguka, kwa kuwa Kiswahili husema kujikinga dhidi ya, kupambana na, kukabiliana na, na kiungo hicho kidogo hutufuata tunapovuka kwenda lugha nyingine. Kwa hiyo kila unapoandika “against”, simama ujiulize kama unazungumzia askari au tunda lililolainika. Wanaozungumza Luganda wana mtego wao mwingine, kwani katika lugha hiyo sauti ya r ndiyo inayofuata irabu i na e, hivyo “militate” huweza kutoka mdomoni kama “miritate”, na msikilizaji asijue kabisa ni neno gani limetamkwa.

Hatua ya nane: fuata maana yake katika kila uwanja

Maneno ya kiwango cha juu yana tabia ya kubadili kanzu yanapoingia ofisi tofauti. Mahakamani, “mitigation” ni hatua mahususi ya kesi, inayokuja baada ya mshtakiwa kupatikana na hatia na kabla ya adhabu kutolewa. Wakili hasemi tena kwamba mteja wake hakutenda kosa. Suala hilo limekwisha kuamuliwa. Anachofanya ni kuieleza mahakama mambo yanayoweza kuifanya adhabu iwe nyepesi, kama vile kwamba ni kosa la kwanza, kwamba mteja amejuta, au kwamba bado ni kijana. Anayetafsiri “mitigation” kama utetezi, au kama msamaha, anakosea kisheria, kwa kuwa utetezi hukanusha hatia na msamaha huondoa adhabu.

Uzito wa neno hili katika historia ya sheria yetu unaonekana katika kesi ya Susan Kigula na wenzake 417, wafungwa waliokuwa wamehukumiwa kifo, dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ambayo Mahakama ya Juu iliitolea uamuzi Januari 2009. Kabla ya hapo, aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia alihukumiwa kifo moja kwa moja, na jaji hakuwa na nafasi ya kusikiliza lolote la kumpunguzia. Mahakama iliiacha adhabu ya kifo yenyewe ibaki katika sheria, lakini ikasema kwamba kuifanya iwe ya lazima ni kinyume cha katiba, na baadhi ya wafungwa wakarudishwa Mahakama Kuu ili “mitigation” yao isikilizwe. Mwaka 2013 ukatolewa mwongozo wa utoaji adhabu unaotaja mambo yanayozidisha uzito wa kosa, yaitwayo “aggravating factors”, pamoja na yale yanayoupunguza, yaani “mitigating factors”. Jifunze maneno haya mawili kwa pamoja, kwa kuwa kila moja hueleweka zaidi likisimama mbele ya mwenzake.

Katika mabadiliko ya tabianchi, neno hilohilo lina maana nyembamba zaidi. Huko “mitigation” ni kupunguza gesi zinazoongeza joto la dunia, au kuongeza misitu inayozifyonza, na linatofautishwa na “adaptation”, ambalo ni kujirekebisha ili kuhimili mabadiliko ambayo yamekwisha kuanza. Mkulima wa Karamoja anayepanda mbegu inayovumilia ukame anafanya “adaptation”. Ukiandika kwamba anafanya “mitigation”, msomaji wa mambo ya tabianchi atadhani hujui unachokisema, hata kama Kiingereza chako ni sanifu.

Lakini ukivuka mlango ukaingia ofisi ya maafa, neno linarudi kwenye upana wake. Baada ya maporomoko ya udongo ya Machi 2010 huko Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mazungumzo juu ya kupanda miti na kuwahamisha watu kutoka miteremko mikali yalikuwa ya “disaster mitigation”, yaani kupunguza madhara kabla hayajatokea, bila kuhusisha gesi yoyote. Mti uleule mmoja, kwa hiyo, unaweza kuwa “mitigation” katika ofisi zote mbili kwa sababu mbili zisizofanana. Kabla ya kuandika, jiulize barua yako inakwenda mlango gani.

Benki na miradi hazina utata mkubwa. Jedwali la hatari huwa na safu ya hatari na safu ya hatua za kuipunguza, na huko utakutana pia na nomino “mitigant”, ambayo nje ya mambo ya hatari hutumika kwa nadra.

Hatua ya tisa: tunga sentensi zako, kisha uziache zilale

Andika sentensi tano juu ya mambo unayoyajua kwa macho yako: taksi zinazochelewa, mvua inayoozesha nyanya, ada ya shule inayopanda. Usinakili mfano wa kamusi ukabadilisha jina tu. Baada ya siku moja zisome tena bila kutazama maelezo yako, kisha uzirudie baada ya juma moja na baada ya mwezi, huku ukisahihisha palipoharibika. Mpe mwalimu au mwenzako wa kazini azipitie, na umwombe akueleze kosa badala ya kulizungushia duara.

Usilitumie neno hili mahali pasipolihitaji. Kwa mwenye duka, omba apunguze bei kwa maneno ya kawaida. Ukimwambia “mitigate” utakuwa umekosea maana na umekosea adabu pia.

Hatua ya kumi: jipime

Tafsiri sentensi hizi nne kwa Kiingereza kabla ya kusoma maelezo yanayofuata. Wakulima walipanda migomba kati ya mibuni ili kupunguza makali ya jua. Dereva alipunguza mwendo alipokaribia Jinja. Uhaba wa madawati unakwamisha ufundishaji. Wakili aliiomba mahakama, katika kumpunguzia mteja wake adhabu, izingatie kwamba ana watoto wadogo wanaomtegemea.

Ya kwanza inakubali neno letu: “to mitigate the effects of the sun”. Ya pili inalikataa, kwa kuwa mwendo hauna makali. “Slowed down” yatosha. Ya tatu ni ya yule askari: “The shortage of desks militates against teaching.” Ya nne ndiyo inayowakwaza wengi, kwa sababu hutafuta kitenzi wakati Kiingereza cha mahakamani kinatumia nomino na kihusishi mwanzoni mwa sentensi: “In mitigation, the lawyer asked the court to consider that his client had young children who depended on him.”